KOMPYUTA KUZIMIKA KWA SABABU YA DRAIVA YA WAIFAI: SOMO KWA WATENDAJI, WALIMU NA MASHEHA

Kompyuta imekuwa chombo cha kazi cha kila siku katika ofisi za Serikali, skuli, vituo vya afya na shehia za Unguja na Pemba. Kumbukumbu ambazo zamani ziliwekwa katika majalada na madaftari, sasa nyingi zimo ndani ya mashine hizo. Kwa hivyo, mashine inapokataa kufanya kazi, kinachosimama si mashine peke yake. Husimama pia cheti cha mzazi, matokeo ya mwanafunzi na hesabu za mwisho wa mwezi.

Miongoni mwa hitilafu zinazowatia watu wasiwasi ni ile ya kompyuta kukatiza kazi ghafla, kuonesha ukurasa wa rangi ya buluu wenye maandishi machache, kisha kujiwasha upya. Katika toleo jipya la Windows 11 ukurasa huo ulibadilishwa kuwa mweusi mnamo mwaka 2025, lakini maana yake ni ile ile. Sababu za hitilafu hiyo ni nyingi. Somo hili linahusu sababu moja ambayo hutokea mara kwa mara na ambayo mtumiaji wa kawaida anaweza kuitambua na kuitengeneza, nayo ni ubovu wa draiva ya adapta ya mtandao usio na waya, yaani Waifai.

MFANO WA MANGAPWANI

Ichukuliwe kwa mfano skuli iliyopo Mangapwani, Wilaya ya Kaskazini B, kiasi cha kilomita 20 kaskazini ya Mji Mkongwe. Mwalimu mmoja ana kompyuta ya mkononi iliyonunuliwa ikiwa imekwishatumika, kama zilivyo nyingi zinazoingia nchini. Ndani yake ameweka alama za wanafunzi za muhula mzima. Tangu siku skuli ilipofungiwa Waifai, kompyuta hiyo huzimika mara mbili au tatu kwa siku, na zaidi pale anapoifunua baada ya kuifunika kwa muda.

Mwalimu anapanda daladala kwenda mjini kwa fundi. Fundi anaiwasha, inazimika mbele yake, naye anatoa hukumu: "Maalim, hii dawa yake kupigwa windo tu." Kupiga windo ni kufuta kila kilichomo na kupakia mfumo upya. Mwalimu akikubali bila ya kunakili kazi yake pahala pengine, alama za muhula mzima zimekwenda. Na kubwa zaidi ni kwamba maradhi yenyewe huenda yakarudi baada ya wiki, kwa sababu mfumo mpya utaipakia draiva ile ile mbovu kupitia mtandao.

Hapa ndipo penye faida ya somo hili. Tiba ya kupiga windo ipo, lakini ni ya mwisho, na haifai kutangulizwa kabla ya uchunguzi.

DRAIVA NI NINI

Draiva ni programu ndogo inayofanya kazi ya ukalimani baina ya mfumo mkuu wa kompyuta na kifaa fulani. Mfumo mkuu haujui lugha ya kila kadi ya Waifai iliyotengenezwa duniani. Mtengenezaji wa kadi ndiye anayeandika draiva, nayo hupokea amri za mfumo na kuzifikisha kwa kadi, kisha hurejesha majibu.

Programu za kawaida, kama ile ya kuandikia barua, hufanya kazi katika eneo lililozungushiwa ua. Programu hiyo ikikosea, mfumo huifunga yenyewe na kazi nyengine zikaendelea. Draiva nyingi za vifaa hufanya kazi ndani ya kiini cha mfumo, ambako hapana ua wa kuzitenga. Draiva ikikosea humo, mfumo hauwezi tena kuamini kwamba kumbukumbu zake ziko salama, na huamua kusimamisha kila kitu ili usije ukaandika uharibifu juu ya mafaili ya mtumiaji. Kwa hivyo, ukurasa wa buluu ni hatua ya kinga inayochukuliwa na mfumo wenyewe, ijapokuwa kwa mtumiaji unaonekana kuwa ndio ugonjwa.

Ukubwa wa jambo hili umethibitishwa kwa miaka mingi. Utafiti wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, uliotolewa mwaka 2003, ulieleza kwamba asilimia 85 ya kuanguka kwa mfumo wa Windows XP kulikoripotiwa wakati huo kulisababishwa na draiva. Mifumo imeimarika sana tangu hapo, lakini hatari haijaondoka. Tarehe 19 Julai 2024, faili moja lenye kasoro la programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike, ambayo nayo hufanya kazi ndani ya kiini cha mfumo, liliangusha kompyuta zinazokisiwa kufikia milioni 8.5 duniani. Viwanja vya ndege, mabenki na hospitali katika nchi nyingi vilisimama. Draiva ya Waifai haiwezi kusimamisha dunia, lakini kanuni ni hiyo hiyo: kosa dogo ndani ya kiini huangusha nyumba nzima.

KWA NINI WAIFAI KHASA

Adapta ya Waifai ina kazi ngumu kuliko vifaa vingi. Hupokea na kutuma habari hewani kila wakati, hutafuta mawimbi yanapopungua, hubadilisha kituo, na hulazwa na kuamshwa ili kuokoa betri. Kila moja ya hatua hizo hupitia katika draiva. Sababu zinazoifanya draiva hiyo ikosee ni hizi zifuatazo:

Kwanza, mfumo kujipakia draiva mpya isiyoelewana na kadi ya mashine hiyo, mara nyingi bila ya mtumiaji kujua.

Pili, draiva kuwa kongwe wakati mfumo mkuu umesonga mbele. Jambo hili huonekana katika kompyuta iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020, kisha ikapandishwa kuwa Windows 10 au 11.

Tatu, draiva kuchukuliwa katika mikusanyo ya draiva inayouzwa au kugaiwa kwa santuri na vijiti vya USB, ambamo draiva ya kadi nyengine hulazimishwa kwa kadi inayofanana nayo jina tu.

Nne, taratibu za kulaza kadi ili kuokoa umeme, ambazo kadi inashindwa kuamka kutokana nazo.

Tano, kadi yenyewe kuharibika au kulegea. Katika vijiji vya pwani, hewa ya chumvi hula vyuma vya viungo pole pole, na hilo lisisahauliwe.

KUTENGA SABABU NYENGINE

Wananchi wa Unguja wana sababu ya kuutuhumu umeme kwanza. Kisiwa kilikosa umeme wa gridi kuanzia Mei hadi Juni 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Waya mpya wa chini ya bahari wenye uwezo wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013. Tabia ya kusema "ni umeme huo" imebaki. Lakini kompyuta ya mkononi yenye betri nzima haizimiki kwa kukatika umeme. Aidha, umeme ukikatika katika kompyuta ya mezani, kioo huwa cheusi papo hapo bila ya maandishi yoyote. Penye ukurasa wenye maandishi na nambari, umeme haukukatika. Mfumo umejisimamisha wenyewe.

Joto nalo lichunguzwe. Kompyuta inayozimika bila ya maandishi baada ya kazi nzito, huku sehemu yake ya chini ikiunguza mkono, yaelekea feni yake imejaa vumbi. Kompyuta inayoonesha nambari tofauti kila inapoanguka, hata ikiwa haimo mtandaoni, huenda chipu zake za kumbukumbu zina kasoro. Draiva ya Waifai kwa kawaida huonesha nambari ile ile au mbili tatu zinazojirudia, na huangusha mashine wakati mtandao unatumika, unapounganishwa, au mashine inapoamshwa.

KUSOMA USHAHIDI

Hatua ya kwanza ni kuizuia kompyuta isijiwashe upya kwa haraka, ili maandishi yasomeke. Katika kisanduku cha kutafutia kiandikwe sysdm.cpl, kisha katika sehemu ya mambo ya juu na ya uanzishaji, kiondolewe kitiki cha kujiwasha upya wenyewe. Tangu hapo ukurasa utabaki mpaka mtumiaji aizime mashine. Upigwe picha kwa simu.

Katika ukurasa huo hutafutwa vitu viwili, ambavyo ni nambari ya kusimama na jina la faili. Nambari zinazohusishwa mara nyingi na draiva za mtandao ni tatu:

0x000000D1: draiva imegusa sehemu ya kumbukumbu kwa wakati usioruhusiwa.

0x0000009F: draiva imeshindwa kutimiza amri ya kulala au kuamka.

0x00000133: draiva imeishikilia kazi kupita muda uliowekwa.

Nambari hizi hazitoshi kuwa ithibati, kwani draiva ya kioo au ya diski nayo huweza kuzisababisha. Jina la faili ndilo linaloelekeza. Faili linaloanza kwa Netwtw ni la kadi za Intel. Linaloanza kwa rtw ni la Realtek, athw au Qcamain ni la Qualcomm Atheros, bcmwl ni la Broadcom, na mtkwl ni la MediaTek. Yakionekana majina ndis.sys au tcpip.sys, isifanywe haraka ya kuyalaumu. Hayo ni mafaili ya Microsoft yanayopokea kazi kutoka kwa draiva, na mara nyingi hubeba lawama ya aliye chini yao.

Ikiwa jina halikuonekana, mashine huwa imeweka kumbukumbu ya tukio katika folda C:\Windows\Minidump, ambayo fundi huweza kuisoma kwa programu ya WinDbg. Mtumiaji naye akiandika perfmon /rel atafunguliwa kalenda inayoonesha kila siku mashine ilipoanguka, pamoja na programu na draiva zilizopakiwa siku hizo. Kalenda hii ina faida kubwa. Ikiwa mashine ilianza kuanguka Jumatano, na draiva ya Waifai ilibadilishwa Jumanne, sababu imekaribia kujulikana.

JARIBIO LA KUTHIBITISHA

Dhana si ithibati. Kabla ya kubadilisha chochote, adapta isimamishwe kwanza. Kiandikwe devmgmt.msc ili kufungua orodha ya vifaa. Katika fungu la adapta za mtandao ichaguliwe ile ya Waifai, ibonyezwe kwa kitufe cha kulia cha mausi, kisha isimamishwe. Mtumiaji aendelee na kazi zake kwa siku mbili au tatu kama kawaida, na akihitaji intaneti atumie waya wa mtandao au simu iliyounganishwa kwa waya wa USB. Njia hizo hazipiti katika draiva ya Waifai.

Ikiwa mashine iliyokuwa ikianguka mara tatu kwa siku haikuanguka hata mara moja, na ikaanguka tena adapta iliporejeshwa, basi sababu imebainika. Ikiwa imeendelea kuanguka vile vile, Waifai haina hatia na uchunguzi uelekezwe kwengine.

HATUA ZA KUTENGENEZA

Hatua ya 1. Kunakili kazi. Mafaili yote ya kazi yanakiliwe katika diski ya nje kabla ya jambo jengine lolote. Aidha, katika dirisha la amri lililofunguliwa kwa ruhusa ya msimamizi, iandikwe pnputil /export-driver * D:\draiva, baada ya kutengeneza folda ya jina hilo katika diski ya nje, ikiwa herufi ya diski hiyo ni D. Amri hiyo hunakili draiva zilizoongezwa katika mashine, ili iwapo mambo yataharibika pawe na pa kurudia.

Hatua ya 2. Kuingia katika hali ya usalama, ikiwa mashine huanguka kabla ya kufika katika uso wa kazi. Kitufe cha Shift kishikiliwe wakati wa kuchagua kuwasha upya. Ikiwa hata huko hakufikiki, mashine ikikatizwa mara tatu mfululizo inapoanza kuwaka, hufungua yenyewe ukurasa wa matengenezo. Katika mipangilio ya uanzishaji ichaguliwe nambari 4, ambayo ni hali ya usalama isiyo na mtandao, wala si nambari 5. Tahadhari: mashine ambayo diski yake imefungwa kwa BitLocker huweza kudai ufunguo wenye tarakimu 48. Ufunguo huo utafutwe mapema. Asiyekuwa nao asiendelee.

Hatua ya 3. Kurejesha draiva iliyotangulia. Katika devmgmt.msc zifunguliwe sifa za adapta, na katika sehemu ya draiva kibonyezwe kitufe cha kurejesha. Kitufe hicho kikiwa kimefifia, mashine haikuhifadhi draiva ya zamani, na iendelewe na hatua inayofuata.

Hatua ya 4. Kuondoa na kupakia draiva sahihi. Kwanza draiva ipakuliwe kwa mashine nyengine kutoka katika tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta, kwa kutumia jina kamili la modeli lililoandikwa chini ya mashine. Draiva ya mtengenezaji wa kompyuta itangulizwe kuliko ya mtengenezaji wa kadi, kwani imejaribiwa katika modeli hiyo. Kisha draiva iliyopo iondolewe, huku kikitiwa kitiki katika kisanduku cha kufuta na mafaili yake. Mashine iwashwe upya, ndipo draiva mpya ipakiwe. Kitiki hicho kikisahauliwa, mfumo utairejesha draiva mbovu mara tu utakapowaka.

Hatua ya 5. Kuzuia kadi isilazwe. Katika sifa za adapta, sehemu ya umeme, kiondolewe kitiki kinachoiruhusu kompyuta kuizima kadi ili kuokoa umeme. Betri itapungua kidogo kwa kasi zaidi, lakini kwa mashine zinazoanguka wakati wa kuamka, hatua hii peke yake huweza kutosha. Ifahamike pia kwamba katika Windows za sasa, kuizima mashine hakulazi kila kitu, kwani kiini cha mfumo huhifadhiwa ili kiwake haraka. Baada ya kubadilisha draiva, ichaguliwe amri ya kuwasha upya na si ya kuzima.

Hatua ya 6. Kubadilisha kifaa. Ikiwa draiva mbili au tatu sahihi zimeshindwa, kadi yenyewe ituhumiwe. Kadi ya ndani isimamishwe, na adapta ndogo ya USB itumike badala yake. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na kompyuta mpya.

Ikumbukwe pia kwamba Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Watengenezaji wa kadi huwa hawaendelei kwa muda mrefu kuandika draiva za mfumo ulioachwa. Ofisi zenye mashine za mfumo huo zilizingatie jambo hili katika mipango yao ya manunuzi.

MAMBO YA KUEPUKWA

Zisipakiwe programu zinazojinadi mtandaoni kwamba zitasasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja. Nyengine huleta draiva zisizo za mashine hiyo, na nyengine huleta virusi.

Zisibadilishwe draiva mbili au tatu kwa pamoja. Ikibadilishwa moja na mashine ikapona, sababu imejulikana. Zikibadilishwa nyingi, mashine ikipona haitajulikana iliyoponesha, na ikizidi kuumwa haitajulikana iliyodhuru.

Mashine ya Serikali isifunguliwe bisibisi na asiyekuwa na idhini, wala isipelekwe kwa fundi wa mtaani ikiwa na kumbukumbu za wananchi ndani yake. Ipelekwe kwa kitengo cha TEHAMA cha taasisi husika, pamoja na maelezo ya maandishi.

DAFTARI LA MASHINE

Kila ofisi inashauriwa kuweka daftari dogo karibu na kompyuta. Ndani yake iandikwe tarehe na saa mashine ilipoanguka, kazi iliyokuwa ikifanywa, nambari iliyoonekana, jina la faili, na mabadiliko yoyote yaliyofanywa. Fundi anayepokea mashine pamoja na daftari la wiki mbili anaanza kazi akiwa katikati ya njia. Anayeambiwa tu kwamba "inazima zima" anaanza gizani.

Turejee kwa mwalimu wa Mangapwani. Lau angekuwa na daftari hilo, angeona kwamba nambari ilikuwa 0x0000009F kila mara, faili lilikuwa lile lile linaloanza kwa Netwtw, na kila anguko lilitokea baada ya mashine kufunuliwa. Angeisimamisha adapta kwa siku mbili, akaona mashine imetulia. Angenakili alama zake, akapakia draiva ya modeli yake, na akaondoa kitiki cha kuilaza kadi. Kazi yote ingechukua alasiri moja pale pale skuli, na hakuna mwanafunzi ambaye angepoteza alama.

Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Kumbukumbu zilizomo katika kompyuta za ofisi na skuli ni amana ya wananchi, na aliyekabidhiwa amana hana haki ya kuipoteza kwa sababu ya uvivu wa kuuliza. Inasisitizwa, kwa hivyo, kwamba mtendaji yeyote anayeshauriwa mashine yake ifutwe, aulize kwanza maswali matatu: Nambari ya kusimama ni ipi? Faili lililotajwa ni lipi? Kazi imekwishanakiliwa wapi? Mpaka maswali hayo yapate majibu, mashine isifutwe.